Kukimbia Pamoja, Kufika Mbalimbali: Wanakikundi Wanadaiana Nini?

Mpakani Busia, na vilevile upande wa Malaba na Tororo, asubuhi ya mwisho wa wiki utakutana na watu waliovaa fulana za rangi moja wakikimbia pembezoni mwa barabara kabla malori hayajaijaza. Wengi wao si wanariadha wa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, wachuuzi wa sokoni, waendeshaji bodaboda, wanafunzi na wafanyakazi wa forodha. Huchanga fedha kidogo kidogo, na mbio zikitangazwa Kisumu, Eldoret au Kampala, hukodi gari wakaenda pamoja. Shida huanza pale mlio wa kuanzia unaposikika. Mmoja anaweza kumaliza kilomita 10 kwa dakika 31, na mwingine anahitaji saa moja na robo. Wamelipa nauli moja, wamekula chakula kimoja njiani, na jina lililoandikwa vifuani mwao ni moja. Je, sasa wakimbie pamoja, au kila mmoja ashike kasi yake?

Wapo watakaosema kuwa hili ni suala la mazoezi tu na halina falsafa yoyote. Sikubaliani nao. Ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: mtu anapojiunga na wenzake, amejifunga kwao kwa kiasi gani, na uhuru wake wa kwenda kwa uwezo wake unabaki wapi? Katika insha hii nitapima majibu mawili yanayotolewa mara nyingi. La kwanza ni kwamba wanakikundi wangojane mpaka mwisho. La pili ni kwamba kila mtu akimbie mbio zake. Nitaonyesha kuwa kila jibu lina ukweli na lina kasoro, kisha nitatetea jibu la tatu: wanakikundi hawadaiani kufika kwa wakati mmoja, bali wanadaiana ukweli kabla ya mbio, msaada wakati wa hatari, na kuhesabiana baada ya mbio. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Tuanze kwa kulifafanua neno “pamoja”. Malori mawili yanaweza kulala ubavu kwa ubavu kwenye foleni ya Malaba, yakasogea hatua ile ile na kuvuka saa ile ile, na madereva wake wasijuane hata majina. Hayo yako sambamba, hayako pamoja. Kwa upande mwingine, mama anayeuza samaki Busia ya Uganda na dada yake mwenye kibanda Busia ya Kenya wanaweza wasionane wiki nzima, lakini mmoja akiugua, mwingine anafunga biashara na kwenda kumuuguza. Hao wako pamoja ijapokuwa mpaka umepita kati yao. Kwa hiyo ukaribu wa miili si kipimo cha kutosha. Watu wako pamoja pale jambo la mmoja linapokuwa jambo la mwingine.

Aristotle aligawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa raha, na wa kutakiana wema. Kikundi cha mbio kinaweza kuanza na aina yoyote kati ya hizo. Nauli ya gari hupungua mkiwa wengi, na barabara ya alfajiri haitishi mkiwa kumi kama ukiwa peke yako. Hayo ni manufaa. Utani wa njiani na chai baada ya mazoezi ni raha. Lakini manufaa na raha haviwezi kutuambia la kufanya pale mwenzetu anapobaki nyuma, kwa sababu wakati huo hana faida kwetu wala hatufurahishi. Ni hapo tu tunapojua kama kuna aina ya tatu.

Sasa tulitazame jibu la kwanza, kwamba wanakikundi wangojane. Jibu hili lina mizizi mirefu katika malezi yetu. Tangu utotoni tumefundishwa kuwa mkono mmoja haulei mwana na kidole kimoja hakivunji chawa. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu binafsi huujua utu wake kupitia kwa wenzake, na kwamba kinachompata mmoja huwapata wote. Hata jina la kazi inayowalisha vijana wengi wa huku limetokana na kuvushana: bodaboda ilianza kama baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Kwa watu waliozoea kubebana namna hiyo, kumwacha mwenzako njiani ni aibu.

Tena kungojana kuna faida inayoonekana. Mtu anayeanza mazoezi akiwa na uzito mkubwa au umri wa makamo huwa na hofu mbili: kifua kitambana, na watu watamcheka. Akiachwa peke yake siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu haji. Mwanamke anayekimbia alfajiri kwenye barabara ya malori ana hofu nyingine ambayo wanaume wengi hawaifikirii. Kwa watu hawa, mwenzao anayepunguza mwendo ndiye anayewawezesha kutoka nje ya nyumba. Katika mazoezi, basi, naona jibu la kwanza lina nguvu sana.

Lakini tukilihamisha jibu hili kutoka kwenye mazoezi hadi kwenye mashindano, kasoro tatu zinajitokeza.

Kasoro ya kwanza ni kwamba linaweza kumnyang'anya mtu haki yake. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana mwendesha bodaboda ndiye mwenye kasi kuliko wote kikundini. Mashindano yana zawadi ya fedha kwa kumi wa kwanza, na kwake fedha hizo ni karo ya mdogo wake. Viongozi wa kikundi wanataka wote wafike wameshikana mikono ili wapate picha nzuri. Je, wana haki ya kumwomba apunguze mwendo? Nadhani hawana. Picha ni ya kikundi kizima lakini gharama yake inalipwa na mtu mmoja, tena pengine yule maskini kuliko wote. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alitahadharisha kuwa kuithamini jamii hakupaswi kufika hatua ya kummeza mtu na vipawa vyake. Tahadhari hiyo inatufaa hapa. Umoja unaodai kwamba mwenye kipaji akifiche ili wengine wajisikie vizuri ni umoja unaokula watu wake.

Kasoro ya pili inamhusu anayengojwa. Mara nyingi tunasema tunamngoja kwa ajili yake bila kumuuliza. Kuna mtu ambaye kungojwa humtia moyo, na kuna ambaye humtesa. Huyu wa pili anaona watu wanne wamesimama kwa ajili yake, wanatazama saa zao, wanampigia makofi kama mtoto anayejifunza kutembea. Anajilazimisha kuongeza mwendo ili asiwacheleweshe, na matokeo yake anaumia. Wema usiouliza unaweza kuwa njia nyingine ya kumwonyesha mtu kuwa ni mzigo.

Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi. Katika mashindano, wakimbiaji si wanakikundi peke yao. Kuna wapinzani, waandaaji na watazamaji, na wote wameahidiwa kitu kimoja: kwamba matokeo yatasema kweli. Tarehe 14 Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, Wakenya wawili na Mwethiopia mmoja walionekana wakipunguza mwendo karibu na mwisho na kumpisha Mchina He Jie atangulie kufika. Waandaaji walichunguza wakaona kuwa wakimbiaji hao walikuwa wameletwa kumshikia kasi bila kutambulishwa hivyo. Matokeo yakafutwa, na medali na zawadi zikarudishwa. Ukitazama picha tu, utaona watu wanne wanaofika karibu pamoja na watatu wanaomheshimu mmoja. Kwa sura ni undugu. Kwa hakika ulikuwa udanganyifu, kwa sababu mamia ya watu wengine waliokimbia siku ile waliambiwa wanashindana, kumbe mbele yao hapakuwa na shindano.

Kasoro hizi zinawasukuma wengi kwenye jibu la pili: mashindano ni mashindano, kila mtu akimbie mbio zake. Jibu hili nalo si la kudharauliwa, na historia ya riadha ya pande zetu inalipa ushahidi mzito. Stephen Kiprotich alizaliwa Kapchorwa, Uganda, akavuka mpaka akaenda kujifua Kenya katika maeneo ya Eldoret, miongoni mwa Wakenya. Tarehe 12 Agosti 2012, katika marathoni ya Olimpiki ya London, alikuwa na Wakenya Abel Kirui na Wilson Kipsang katika kilomita za mwisho. Akawaacha. Alimaliza kwa saa 2:08:01 na kuipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972.

Je, Kiprotich aliwasaliti watu wa nchi iliyomlea kimichezo? Sidhani kuna mwanariadha wa Kenya ambaye angesema hivyo kwa dhati. Mtu akikualika kwenye mazoezi yake anakuwa amekubali kwamba siku moja unaweza kumshinda. Zaidi ya hapo, kama Kiprotich angewapunguzia mwendo kwa kukumbuka fadhila, angewavunjia heshima, kwa kuwa angewafanya washindi wa kupewa. Heshima kamili kwa mpinzani ni kukimbia dhidi yake kwa nguvu zako zote. Hapa jibu la pili limegusa jambo ambalo jibu la kwanza haliwezi kulieleza: kumpita mwenzako kunaweza kuwa sehemu ya kumheshimu.

Hata hivyo, jibu la pili linakosea linapodhani kwamba kasi ya mtu ni mali yake peke yake. Siku hizi kuna msemo unaosambazwa sana kama methali ya Kiafrika, bila kutajwa ni wa lugha gani, kwamba atakaye kwenda haraka aende peke yake na atakaye kwenda mbali aende na wenzake. Nusu ya kwanza ya msemo huo haiafikiani na yale tunayoyaona kwenye mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Mbele na nyuma yake walikimbia kwa zamu waweka kasi 41, wakimkinga upepo na kumshikia mwendo. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, na ni sawa, kwa sababu halikuwa shindano la kawaida. Lakini ilitufundisha kuwa mwendo wa kasi kuliko wote uliokuwa umewahi kukimbiwa hadi siku ile katika umbali ule ulihitaji watu wengi. Anayekwenda haraka naye anakwenda na wenzake.

Tofauti kati ya Vienna na Beijing inastahili kuangaliwa. Kote kuwili kuna watu waliokimbia kwa ajili ya mwingine. Vienna kila mtazamaji alijua nani anamsaidia nani. Beijing walioshindana hawakujua. Kwa hiyo kumsaidia mwenzako si kosa, na kupunguza mwendo kwa ajili yake si kosa. Kosa ni kuwaficha wale ambao matokeo yanawahusu.

Mfano mwingine unaimarisha hoja hii. Tarehe 2 Desemba 2012, katika mbio za nyika za Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametwaa shaba ya Olimpiki mwaka huo katika mbio za kuruka viunzi na maji, alikuwa anaongoza. Alidhani amekwisha kufika, akapunguza mwendo mita chache kabla ya mstari. Aliyekuwa wa pili, Mhispania Iván Fernández Anaya, alimfikia. Badala ya kumpita, alibaki nyuma yake na kumwonyesha kwa ishara kwamba mstari bado uko mbele. Mutai akashinda. Kocha wa Fernández, Martín Fiz, ambaye aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, alisema yeye angeitumia nafasi ile.

Watu hawa wawili hawakuwa wa klabu moja wala nchi moja, na hata lugha hawakuelewana. Kwa nini basi tendo la Fernández linatugusa, na lile la Beijing linatuudhi, ilhali katika yote mawili mtu aliyeweza kupita hakupita? Jibu langu ni kwamba Fernández aliulinda ukweli wa mbio. Mutai alikuwa amewashinda wenzake kwa miguu, na alichokosea ni kuusoma mstari. Kumpita kungeyafanya matokeo yaseme uongo juu ya nani alikimbia vizuri zaidi. Beijing, kutopita ndiko kulikoyafanya matokeo yaseme uongo. Kitendo cha nje ni kile kile, lakini uhusiano wake na ukweli ni kinyume.

Sasa naweza kulieleza jibu la tatu. Deni la wanakikundi linabadilika kadiri mbio zinavyokwenda, na tukilitenganisha katika nyakati tatu tutaliona vizuri.

Kabla ya mbio, wanadaiana ukweli. Wanakikundi wakae waulizane waziwazi: tunakwenda kushindana au kutembea na kuchangamka? Nani anataka muda wake bora? Nani anataka mtu wa kukimbia naye? Yupo mwenye goti bovu au shinikizo la damu? Kama wawili wamekubaliana kukimbia sambamba mpaka mwisho, makubaliano hayo ni ahadi, na kuivunja katika kilomita ya tatu kwa sababu miguu imekuwa myepesi ni kuvunja ahadi kama nyingine yoyote. Kama hawakukubaliana, aliyeachwa hana haki ya kununa. Migogoro mingi ya vikundi haitokani na ubaya wa mtu. Inatokana na watu wawili kwenda kwenye mbio moja wakiwa na makubaliano mawili tofauti vichwani mwao.

Ukweli huu unamdai pia yule mwenye mwendo wa polepole, jambo ambalo hatulisemi mara nyingi. Anadaiwa kusema hali halisi ya mwili wake, na akiona anawazuia wenzake anadaiwa kuwaachilia. Neno “nendeni” likisemwa kwa moyo mweupe ni zawadi kubwa sawa na neno “tunakungoja”. Ndani ya kikundi hakuna mtoaji wa kudumu wala mpokeaji wa kudumu. Mwepesi anatoa muda wake, na mzito anatoa ruhusa.

Wakati wa mbio, wanadaiana msaada wa hatari. Uchovu wa kawaida hauundi deni hilo. Ni sharti tutofautishe aliye nyuma na aliye hatarini. Aliye nyuma yuko mahali pake halali. Kila mbio zina wa mwisho. Lakini aliyeanguka, anayepepesuka au aliyegongwa na pikipiki anamdai kila anayemwona, awe wa kikundi chake au la, na hapo hata zawadi ya karo inasubiri. Hili si deni la klabu. Ni deni la utu, na klabu inalirahisisha tu kwa kuwa macho ya kirafiki ni ya kwanza kumwona mtu akibadilika rangi.

Hapa naomba nilete sheria moja ya mbio za nyika ambayo ina falsafa ndani yake. Katika mashindano ya dunia ya mbio hizo, ushindi wa timu hupatikana kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wanne bora wa kila nchi. Huko Aarhus, Denmark, mwaka 2019, Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa wa kwanza na Jacob Kiplimo wa pili, na Uganda ikachukua dhahabu ya timu ya wanaume. Watu huwakumbuka hao wawili. Lakini kwa hesabu ya timu, mkimbiaji wa nne akimpita mtu mmoja tu nafasi za nyuma, amepunguza pointi moja sawasawa na yule anayempita mtu mmoja kileleni. Hakuna aliyengoja, kila mmoja alikimbia kwa kasi yake yote, na bado hakuna aliyekimbia kwa ajili yake peke yake. Nafasi ya kila mmoja ilihesabiwa kwa wote.

Neno hilo, kuhesabiwa, ndilo linalonipeleka kwenye wakati wa tatu. Baada ya mbio, wanakikundi wanadaiana kuhesabiana. Gari la kukodi lisiondoke Kampala kabla wote hawajaonekana. Aliyefika kwa dakika 31 asiwe amekwisha kuoga, kula na kulala kwenye kiti cha mbele wakati mwenzake bado yuko barabarani na mabango yanaondolewa. Arudi mstarini, amtafute. Huyu hakumngoja njiani, na hakupaswa, lakini anamngoja mwishoni. Kungoja kwa namna hii hakumnyimi mwepesi ushindi wake, hakumdhalilishi mzito, na hakudanganyi mtu yeyote.

Lakini mbio huisha saa ngapi? Kama kuhesabiana kunaishia kwenye gari, basi ni utaratibu mzuri wa safari tu. Mfano wa Rebecca Cheptegei unatulazimisha kwenda mbele zaidi. Alikuwa Mganda wa Bukwo, kaskazini ya huku katika mpaka huu huu, aliyehamia Endebess upande wa Kenya, kaunti ya Trans Nzoia, ili awe karibu na mahali pa kujifulia. Tarehe 11 Agosti 2024 alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Paris akiwa wa 44. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake na aliyekuwa mpenzi wake, na tarehe 5 akafariki katika hospitali mjini Eldoret. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee.

Simlaumu mwanariadha mwenzao yeyote, walaumiwe waliotenda. Ninachosema ni kwamba mchezo wa mbio una hatari ya kutufanya tumjue mtu kwa tarakimu. Tunajua alikimbia kilomita ya tano kwa dakika ngapi, tunajua alishika nafasi ya ngapi, na tunaweza tusijue nini kinamngoja akifungua mlango wa nyumba yake. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Naliona tendo hilo kama kuhesabiana kwa maana yake pana: walikataa kwamba mwenzao aondoke kwenye orodha bila kuulizwa yuko wapi. Kikundi cha kawaida cha Busia au Tororo hakihitaji shirika. Kinahitaji mtu atakayeuliza kwa nini mwenzetu hajaja wiki mbili, na atakayekwenda kubisha hodi ikiwa simu haipokelewi.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba mzigo huu ni mkubwa mno kwa klabu ya mazoezi: watu wamejiunga ili wapunguze uzito, si ili waingiliwe nyumbani kwao. Pingamizi hili lina haki kwa sehemu. Kuuliza si kupeleleza, na mwanakikundi ana haki ya kujibu “niko salama, naomba mniache”. Lakini haki hiyo ya kukataa ina maana pale tu alipo mtu wa kuuliza. Asiyeulizwa na yeyote hana wa kumkatalia. Isitoshe, alfajiri barabarani tayari tumekabidhiana uhai wetu tukiwa tumeipa migongo malori. Haiingii akilini kwamba watu wanaoweza kukabidhiana uhai saa kumi na moja na nusu wawe wageni kabisa ikifika saa mbili.

Hali ya mpakani inalifanya suala hili liwe wazi zaidi. Mpaka wenyewe ulikuja baadaye kuliko watu: hadi mwaka 1902 magharibi yote ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakahamisha mstari. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vilevile. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu. Hata hivyo, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mpaka ulifungwa kwa abiria na kuachwa wazi kwa mizigo. Kwa miezi kadhaa, lori lingeweza kuvuka na rafiki asingeweza. Kikundi chochote chenye watu wa pande zote mbili kisingeweza kukimbia sambamba hata hatua moja. Kama “pamoja” ingekuwa ukaribu wa miili, kikundi cha namna hiyo kingekufa siku ile. Kama “pamoja” ni kuhesabiana, kingeweza kuishi kwa simu ya jioni ya kuulizana nani amekula na nani ana homa.

Kwa kuhitimisha, naamini swali la kama wanakikundi wangojane au waachane limeulizwa vibaya. Linadhani kwamba umoja unapimwa kwa umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho. Tumeona kuwa watu wanaweza kufika pamoja na wakawa wamewadanganya wengine, kama ilivyokuwa Beijing, na wanaweza kuachana kwa mwendo wa dakika nyingi na bado kila mmoja akahesabiwa kwa wote, kama ilivyokuwa Aarhus. Wanakikundi wa Busia na Tororo wanapopanga safari yao ijayo, wajadili nauli na rangi ya fulana, lakini wajadili pia mambo matatu: nani amemwahidi nani nini, nani ataangalia hatari, na nani atabaki mstarini na orodha ya majina mpaka jina la mwisho litiwe alama. Hilo la tatu lisiwe la mtu mmoja kila mara. Lipokezanwe, na aliye mwepesi kuliko wote naye ashike zamu.